Ukutani, kwenye paa au nguzo ya ardhini: wapi pafungwe dishi msimu wa baridi Arusha na Moshi

Kuanzia Juni hadi Agosti, Arusha huamka chini ya wingu zito. Bati linatona umande mpaka saa 4 asubuhi, manyunyu yanakuja na kuondoka, na kuna siku jua halionekani kabisa. Moshi mjini pana joto zaidi kwa sababu pako chini, lakini ukipanda Kibosho, Uru au Machame hali ni ile ile. Anayefunga dishi majira haya ana sehemu tatu za kuchagua: ukutani, juu ya paa, au kwenye nguzo iliyochimbiwa uwanjani. Wengi humwachia fundi aamue akishafika, naye huchagua panapomaliza kazi haraka. Uamuzi huo ufanywe mapema, na unaanza na swali moja: dishi litatazama setilaiti ipi?

Tazama juu kwanza

DStv ya Tanzania inapokelewa kutoka setilaiti ya Eutelsat iliyo digrii 36 mashariki, na Azam TV kutoka Eutelsat ya digrii 7 mashariki. Zote mbili zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Hata hivyo, kwa mtu aliyesimama Njiro (Arusha) au Rau (Moshi), ya kwanza iko karibu utosini na ya pili iko magharibi.

| | Digrii 36 (DStv) | Digrii 7 (Azam TV) |
|---|---|---|
| Mwinuko kutoka upeo wa macho, Arusha | 86 | 55 |
| Mwinuko, Moshi | karibu 86 | 54.5 |
| Dira (mwelekeo kwa digrii kutoka kaskazini), Arusha | 349 | 276 |
| Dira, Moshi | 338 | 276 |
| Mti uliozidi dishi kwa mita 10 ukae mbali angalau | mita 0.7 | mita 7 |

Hesabu hizi zinafuta hofu moja iliyozoeleka, kwamba mlima unaziba. Kwa antena ya kawaida inayopokea kutoka mnara wa ardhini, mlima unaweza kuziba kweli. Kwa dishi hauzibi. Kilele cha Meru ukikitazama kutoka mjini Arusha kinapanda kiasi cha digrii 12 tu, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kutoka Moshi ni chini ya hapo. Setilaiti zote mbili ziko juu mno ya milima hiyo, na ya digrii 7 haiko hata upande wake.

Kinachoziba ni mgrivea wa jirani, na kwa dishi la digrii 36 ni paa la nyumba yako mwenyewe. Dishi linalotazama juu kwa digrii 86 likifungwa ukutani chini ya bati lililotokeza, linatazama bati. Hata kipande cha bati kikiingia kidogo tu mbele ya uso wa dishi, sehemu hiyo ya dishi haifanyi kazi. King'amuzi kitaonyesha picha siku ya jua na kukwama mvua ya kwanza, halafu lawama zote ziende kwa mvua.

Kwenye kihamba chenye migomba, kahawa na migrivea, hali inageuka. Dishi la digrii 36 linahitaji tundu tu la anga juu yake, na linaweza kukaa katikati ya miti kama matawi hayajafunika. La digrii 7 linahitaji uwazi wa upande wa magharibi. Kanuni ni rahisi: pima urefu wa mti kutoka usawa wa dishi kwenda juu, zidisha kwa 0.7, ongeza mita 2 za tahadhari. Mgrivea uliozidi dishi kwa mita 12 uwe mbali mita 10.4 au zaidi. Kumbuka pia kwamba mgrivea hukua haraka, na ule unaokaribia kuziba leo utakuwa umeziba kabla hujabadilisha king'amuzi.

Ukutani

Kwa Azam, ukuta wa magharibi ndio chaguo letu la kwanza. Fundi anafanya kazi kwenye ngazi badala ya bati lenye umande, paa halitobolewi, kebo ni fupi, na kufuta vumbi au kubadilisha LNB (kifaa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi) baadaye ni kazi ya nusu saa.

Shida ni bati lililotokeza. Chukua mfano wa dishi la sentimita 90, mkono unaoliweka katikati yake sentimita 45 kutoka ukutani, na bati lililotokeza sentimita 60. Kwa mwinuko wa digrii 55, katikati ya dishi panatakiwa kuwa mita 1 kamili chini ya ukingo wa bati ili mwale wa juu upite bila kugusa. Weka mita 1.2, kwa sababu siku moja mtafunga mfereji wa kuvuna maji pale ukingoni. Paa likitokeza zaidi, shuka zaidi: kila sentimita 10 za bati zinadai sentimita 14 za kushuka.

Kwa digrii 36 ukuta ni chaguo gumu. Dishi la kawaida lenye mkono wa LNB upande wa chini linalala sana likielekezwa utosini, na ukingo wake wa juu unarudi nyuma karibu sentimita 40 kuelekea ukutani. Mkono mfupi wa sentimita 30 utafanya dishi ligonge lipu kabla halijafika mwinuko wake. Ukuta unafaa tu pale pasipo na bati juu yake, kama ukuta wa uzio, ukuta wa tangi la maji, au ubavu wa nyumba ambao paa halikutokeza.

Ukuta wenyewe nao una maswali yake. Lipu ya sentimita 2 haishiki kitu. Bolti lazima ipite lipu na kukamata tofali. Kwenye tofali imara za saruji au za kuchoma, bolti nne za kutanuka za milimita 10, zenye urefu wa sentimita 8 hadi 10, zinatosha. Zisitobolewe kwenye kiungo cha udongo au saruji kati ya tofali na tofali, wala karibu na ukingo wa tofali, kwa sababu zikikazwa zinapasua. Tofali nyepesi zilizofyatuliwa kwa changarawe ya volkano, ambazo Arusha ziko nyingi, humeguka ndani ya tundu na bolti inazunguka bila kukaza. Hapo tumia bolti ndefu zinazopita ukuta mzima, na upande wa ndani weka bamba la chuma la milimita 5 nyuma ya nati. Bolti mbili za juu ndizo zinazobeba mzigo wa kuvutwa na upepo. Kama ukuta una sehemu moja nzuri, izipe hizo.

Msimu wa baridi unaongeza jambo moja hapa. Tundu lililotobolewa kwenye ukuta uliolowa linajaa tope la saruji badala ya vumbi, na tope hilo likibaki ndani bolti inateleza. Safisha kwa brashi na upulizie mpaka litoke kavu. Kama ukuta umeloweshwa na mvua ya usiku kucha, ahirisha siku moja.

Juu ya paa

Tuseme wazi: kati ya Juni na Agosti paa liwe chaguo la mwisho. Bati lenye umande ni utelezi, na bati la geji 30 au 32 likikanyagwa katikati ya papi mbili linabonyea, kisha misumari inalegea na maji yanapata njia. Anayepanda akanyage juu ya mistari ya misumari, ambako papi iko, asipande kabla ya bati kukauka, na awe amefungwa kamba.

Kuna nyumba zisizo na namna nyingine, kama zile zilizobanana za Majengo au Sanawari, uwanja hakuna na ukuta wa jirani uko mita moja. Kama ni paa, fanya hivi:

Miguu ya stendi ifungwe kwenye kenchi au papi, kamwe isishikwe na bati peke yake. Skrubu zipite kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde ambako maji yanapita. Kila skrubu iwe na kofia ya mpira. Kwenye kizibo cha silikoni chagua isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka na inakula zinki ya bati, hivyo baada ya miaka miwili kutu inaanzia pale pale ulipoziba. Silikoni ipakwe kwenye bati kavu na lililofutwa vumbi. Ikipakwa juu ya unyevu inaonekana imeshika, kisha inabanduka kama ngozi.

Faida moja ya paa ni kwamba dishi la digrii 36 linapata anga lote. Hasara yake kubwa zaidi ya kuvuja ni radi. Kanuni ya Ulaya EN 60728-11 haidai ulinzi wa radi kwa dishi lililo angalau mita 2 chini ya ukingo wa paa na lisilotokeza zaidi ya mita 1.5 kutoka ukutani. Dishi la juu ya paa halina msamaha huo: stendi iungwe na waya wa shaba wa milimita za mraba 16, ushuke moja kwa moja mpaka kwenye nondo ya athi, bila kukunjwa kona kali. Kipupwe kina radi chache, kwa hiyo watu huahirisha athi. Vuli ikianza Oktoba na ngurumo zake, hakuna anayekumbuka tena.

Nguzo ya ardhini

Kwa DStv hili ndilo tunalopendekeza, na kwa Azam pia pale ambapo uwanja una uwazi wa magharibi. Nguzo haitoboi ukuta wala paa, dishi liko usawa wa mikono, na bati la nyumba halihusiki. Tatizo lake liko kwenye saruji, na hapo ndipo baridi inapogusa kazi kweli.

Dishi la sentimita 80 au 90 linahitaji bomba la chuma lenye mabati la inchi 2. Hapa chagua lenye ukuta mnene. Bomba jembamba la kuning'inizia mapazia, ambalo baadhi ya mafundi hulileta, linayumba. Kata mita 2.5: sentimita 60 zinaingia ardhini, zinabaki mita 1.9. Kabla ya kulisimamisha, chomelea kipande cha nondo ya milimita 12 chenye urefu wa sentimita 30 upande wa chini, kikatize bomba, ili nguzo isizunguke ndani ya zege upepo ukilisukuma dishi. Juu liwe na kofia.

Shimo liwe sentimita 40 kwa 40, kina sentimita 70. Mwaga sentimita 10 za kokoto chini na bomba lisimame juu yake, maji yatakayoingia ndani ya bomba yapate kutoka. Zege la kujaza sehemu iliyobaki ni kwa ndoo za lita 20: saruji ndoo 1, mchanga ndoo 2, kokoto ndoo 4. Hiyo ndoo moja ya saruji ni kama kilo 29, zaidi kidogo ya nusu mfuko. Maji ni lita 14 mchanga ukiwa mkavu. Msimu huu mchanga wa nje huwa umelowa tayari, kwa hiyo anza na lita 10 na uongeze kidogo kidogo. Zege linalomiminika kama uji litakauka likiwa dhaifu na lenye nyufa.

Sasa kuhusu siku za kusubiri. Saruji hushika kwa mmenyuko na maji, na mmenyuko huo hupungua kasi joto likishuka. Kwenye nyuzi 10 unakwenda karibu nusu ya kasi ya nyuzi 20. Usiku wa Julai Arusha unakaribia kiwango hicho. Nguzo ambayo Februari ingebeba dishi baada ya siku 3, Julai ipe siku 7. Ifunike kwa nailoni au magunia ili manyunyu yasioshe saruji ya juu. Hii ndiyo sababu nguzo isimamishwe wiki moja kabla ya fundi wa dishi. Fundi anayechimba, kumwaga zege na kufunga dishi siku moja anakuachia nguzo itakayoinama kabla ya Jumapili.

Uinamaji wa nguzo unaonekana mdogo kwa macho lakini ni mkubwa kwa mwale. Dishi la sentimita 90 kwenye masafa ya gigahezi 12 lina mwale wenye upana wa digrii 2 hivi. Ukitoka digrii 1 pembeni, nusu ya nguvu imepotea. Digrii 1 kwenye nguzo ya mita 1.9 ni sentimita 3.3 tu kileleni. Pima kwa pimamaji pande mbili zinazokatizana, mara baada ya kumwaga, na tena baada ya nusu saa, kwa sababu zege bichi hutulia na bomba huhama nalo.

Angalia na udongo. Udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopatikana nyanda za chini, huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na kila msimu unaisukuma nguzo. Hapo shuka sentimita 90 na uongeze zege kwa kadiri hiyo. Udongo mwepesi wa volkano hauvimbi, ila kuta za shimo zinabomoka; panua kidogo na ushindilie pembeni.

Kebo kutoka kwenye nguzo ipite ardhini, sentimita 30 chini, ndani ya bomba la plastiki la inchi ¾. Kebo iliyofukiwa peke yake hukatwa na jembe, tena kwa mkato mdogo usioonekana, na maji hufanya kazi iliyobaki. Kama mna ng'ombe au mbuzi uani, zungushia nguzo uzio mdogo. Wanaipenda kwa kujikunia.

Dishi la sentimita 60, 90 au 120

Ukungu, wingu na manyunyu havizibi mawimbi haya. Manyunyu ya milimita 2 kwa saa yanapunguza chini ya robo ya desibeli (kipimo cha kupanda na kushuka kwa nguvu ya mawimbi) katika njia nzima. Mvua kubwa ya milimita 50 kwa saa ni habari nyingine: inakula desibeli 2 au zaidi kwa kila kilomita, na matone huanzia kilomita 4.5 hadi 5 juu ya usawa wa bahari, mahali barafu ya mawinguni inapoyeyuka. Kutoka Arusha, iliyo mita 1,400 hivi, mwale wa digrii 55 unapita kilomita 4 hivi ndani ya mvua hiyo.

Kwa hiyo ukubwa wa dishi huchaguliwa kwa ajili ya masika na vuli, hata kama linafungwa Julai. Kutoka sentimita 60 kwenda 90 eneo linaongezeka mara 2.25 na unapata desibeli 3.5 za akiba. Hiyo ndiyo tofauti kati ya picha inayokatika kila mvua ya jioni na ile inayokatika dakika chache mvua ikiwa kali kabisa. Kutoka 90 kwenda 120 unaongeza 2.5, lakini upepo unalisukuma dishi karibu mara mbili na mwale unakuwa mwembamba, digrii 1.5, kwa hiyo nguzo nayo lazima iwe nene zaidi. Kwa nyumba ya kawaida 90 ndiyo yetu. Lile la 60 tunaliacha.

Kuna tokeo moja muhimu. Dishi linalokatika kwenye manyunyu ya Julai halina udogo, lina kasoro. Ama limelengwa vibaya, au kuna maji kwenye konekta.

Kusubiri kiangazi au kufunga sasa

Januari na Februari ni rahisi kwa kila kitu: saruji inashika haraka, bati kavu, silikoni inakamata. Machi hadi Mei ni wakati mbaya, na dishi linalolengwa mvua ikinyesha hulengwa kwa kubahatisha, maana kipimo kinapanda na kushuka kwa sababu ya mvua na si kwa mkono wa fundi. Kipupwe kiko katikati. Ukitayarisha nguzo mapema na kupanga kazi kati ya saa 5 asubuhi na saa 10 jioni, matokeo hayatapungua chochote. LNB nazo hutengenezwa kuvumilia baridi kali mara nyingi kuliko ya Ngaramtoni.

Kuna hata faida: kwa kuwa manyunyu hayagusi kipimo, siku ya mawingu Julai ni nzuri kwa kulenga, na kasoro za maji zinajitokeza wiki ile ile badala ya kusubiri masika.

Kebo na konekta

Kwa sehemu zote tatu, hapa ndipo dishi hufa. Tumia RG-6 ya ohm 75 yenye kiini cha shaba tupu. Nyingi za bei nafuu ni chuma kilichopakwa shaba. Kwaruza kiini kwa wembe, kikitoa weupe wa chuma ujue. King'amuzi hupeleka volti 13 au 18 kwa LNB kupitia kiini hicho, volti 13 kwa chaneli za mkao mmoja wa mawimbi na 18 kwa za mkao mwingine. Chuma kina ukinzani mkubwa, na kwenye kebo ndefu volti 18 zinaweza kufika zimepungua kiasi cha LNB kudhani ni 13. Matokeo: nusu ya chaneli zipo, nusu hazipo, na fundi anabadilisha LNB bure. Nguzo ya mbali ndiyo inayoumizwa zaidi. Jitahidi kebo isizidi mita 30.

Konekta ya F ifungwe polepole. Menya ganda la nje milimita 15, rudisha nyuzi za ngao nyuma juu ya ganda bila hata moja kugusa kiini, menya plastiki nyeupe milimita 8, kisha sukuma konekta mpaka plastiki nyeupe iwe sawa na sakafu yake. Kiini kitokeze milimita 2 hadi 3 nje ya mdomo. Kabla ya kuifunga, kausha kebo na mikono kwa kitambaa. Tone moja likifungiwa ndani linatosha. Ile ya kubanwa kwa mashine inazuia maji kuliko ya kuzungusha kwa mkono, na msimu huu inafaa kulipia tofauti.

Juu yake zungusha tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukiivuta iwe nyembamba, kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukipanda nusu ya uliotangulia. Hivyo mikunjo inapangana kama bati na maji yanateleza juu yake. Ukianza juu kwenda chini, kila mkunjo ni kijiko cha kukusanya maji. Tepu nyeusi ya umeme peke yake haitoshi. Gundi yake hulegea kwenye unyevu. Mwisho, acha kebo ining'inie kitanzi chini ya LNB na kingine kabla ya kuingia ukutani, na tundu la ukuta litobolewe likielekea chini upande wa nje.

Kulenga

Kwenye ukurasa wa mawimbi wa king'amuzi, tazama ubora, si nguvu. Upau wa nguvu unapanda hata dishi likitazama setilaiti nyingine.

Dishi la digrii 7 linatafutwa kwa kuweka mwinuko 55 na kulizungusha pole pole kuzunguka dira 276. Simama mbali na bati na nguzo unaposoma dira, chuma huivuta. LNB inazungushwa karibu robo duara kutoka mkao wake wa kawaida, kama digrii 83, na fundi aliyezoea kuiacha wima atapata nguvu bila chaneli.

La digrii 36 linashangaza mafundi wengi. Kwa kuwa liko karibu utosini, ukilizungusha upande kwa digrii 10 mwale unasogea digrii 0.7 tu, lakini mkao wa mawimbi unageuka digrii 10 nzima. Mwinuko ndio unaokamata kila kitu, na kosa la nguzo linaingia lote humo. Kabla ya kununua, hakikisha breketi ya dishi inaweza kufika mwinuko wa digrii 86; zipo zinazoishia chini ya hapo. Na kwa kuwa dishi hili limelala, maji, vumbi na majani hukaa sehemu yake ya chini. Lifutwe kila mwezi wakati wa kiangazi, kwa kitambaa laini, bila kuegemea mkono wa LNB.

Kaza nati zote kwa zamu, kidogo kidogo huku ukitazama ubora, maana ukikaza moja mpaka mwisho dishi huvutwa upande wake. Ukimaliza piga alama ya rangi inayovuka breketi na bomba. Siku likihama, alama itaonyesha.

Baada ya mvua ya kwanza ya usiku mzima, soma ubora tena na ulinganishe na ule ulioandika siku ya kufunga. Ukishuka na usirudi mchana, fungua konekta ya LNB. Ukiona kijani kwenye shaba au weupe kwenye ngao, kata sentimita 20 za kebo, endelea kukata mpaka ngao iwe inang'aa, kisha funga konekta mpya.